Mrejesho hasi

mrejesho hasi *nm* [m-/mi-] (elektroniki) Urudishaji wa sehemu ya mawimbi yanayotoka kwenye kikuza mawimbi hadi pale yanapoingilia, yakiwa yamegeuzwa ili yapunguze yale yanayoingia. Kinyume: *mrejesho chanya*.

Umbo. Nomino hii imetokana na kitenzi *rejesha*. Wingi wake wa kanuni ni *mirejesho*, nao hutumika pale saketi moja inapokuwa na njia zaidi ya moja za kurudisha mawimbi. Isichanganywe na *marejesho*, ambayo kwa mwanachama wa kikundi cha kukopeshana ni fedha anazolipa kila wiki au mwezi kupunguza mkopo, wala na *marejeo*, yaani orodha ya maandiko yaliyotumiwa na mwandishi.

Maana inayopotosha. Katika lugha ya semina na taarifa za ofisini, kupata mrejesho hasi ni kuambiwa kuwa kazi haikupendeza, na mrejesho chanya ni sifa. Kwa fundi wa elektroniki mambo huwa kinyume. Maikrofoni inaposogezwa mbele ya spika katika mkutano wa hadhara pale Tengeru, na ukumbi ukajaa mluzi mkali, huo ndio mrejesho chanya: sauti inatoka, inaingia tena, inakuzwa tena bila kikomo. Mrejesho hasi ndio unaotuliza. *Hasi* hapa ni ya hisabati, kama katika *namba hasi*, na haibebi hukumu ya ubaya. (Wala haihusiani na kitenzi *hasi* wanachokitumia wafugaji wa miteremko ya Meru kwa dume la ng'ombe, ingawa fundi mwenye utani anaweza kusema kwamba amplifaya yake nayo imepunguzwa nguvu ili itulie.)

Hesabu ndogo huonyesha faida yake. Chukua kikuza mawimbi kinachokuza mara 1,000, kisha urudishe kwa kinyume sehemu moja ya kumi ya kinachotoka. Ukuzaji unashuka hadi takribani mara 9.9. Hasara hiyo ni kubwa. Lakini vipuri vikichakaa na ukuzaji wa asili ukaanguka kwa nusu, hadi 500, jumla inabaki takribani 9.8. Nusu ya nguvu imepotea ndani, na msikilizaji hajatambua. Mkwaruzo unaozalishwa ndani ya kikuza mawimbi nao hupungua kwa njia hiyohiyo.

Katika maandiko ya hataza. Istilahi hii ina kisa mashuhuri katika historia ya uchunguzi wa hataza. Mhandisi Mmarekani Harold Black, wa maabara za Bell, aliandika wazo hilo kwenye ukurasa wa gazeti la The New York Times tarehe 2 Agosti 1927, akiwa ndani ya kivuko akielekea kazini mjini New York. Alitafuta namna ya kupitisha simu nyingi kwenye waya mmoja wa masafa marefu bila sauti kuharibika kila zilipokuzwa njiani. Ombi la hataza liliwasilishwa mwaka 1928. Hataza ya Marekani namba 2,102,671 ilitolewa tarehe 21 Desemba 1937. Ofisi ya hataza ya Uingereza ililipokea ombi lake kama inavyopokea ombi la mashine ya mwendo usiokoma, ikataka kifaa kinachofanya kazi, mpaka ilipoelezwa kuwa vikuza mawimbi 70 vya aina hiyo tayari vilikuwa vikitumika katika jengo la simu la Morristown, New Jersey. Wachunguzi hawakuwa wajinga. Kazi ya kikuza mawimbi ni kukuza, na hapa mtu alikuwa akiomba ulinzi wa kifaa kinachotupa sehemu kubwa ya ukuzaji wake kwa makusudi.

Ugumu huo unamhusu moja kwa moja mbunifu wa Arusha. Iwapo mtu wa Chuo cha Ufundi Arusha atamweleza wakala wake kuwa saketi yake "inapunguza nguvu", na wakala akaandika hivyo bila kutaja utulivu unaopatikana, kasoro ndiyo itakayokuwa imeelezwa na uvumbuzi utabaki nje ya karatasi. Kinacholindwa ni kile kilichomo katika *madai*. Neno hili nalo lina mtego: *dai* la hataza si deni wala lalamiko, bali ni sentensi inayoweka mpaka wa kitu kinacholindwa, kama vigingi vya shamba. *Mpya* pia hubana kuliko katika lugha ya dukani. Kifaa kilichokwisha kuelezwa hadharani popote duniani si kipya, hata kama Arusha nzima haijakiona. Kwa hiyo mwenye kukionyesha kwenye viwanja vya Nanenane vya Themi kabla ya kuwasilisha ombi anahatarisha haki yake mwenyewe.

Kwa Tanzania Bara ombi hupelekwa BRELA chini ya Sheria ya Usajili wa Hataza ya mwaka 1987, au hupitia ARIPO, shirika la kikanda lenye makao Harare, ambako lugha ya maombi ni Kiingereza. Njia hii ya pili inatokana na Itifaki ya Harare ya mwaka 1982. Wapo wanaodhani ni Itifaki ya Arusha kwa sababu ya jina. Hiyo, iliyopitishwa jijini humo tarehe 6 Julai 2015, inahusu aina mpya za mimea na haigusi saketi.

Maneno ya jirani. *Amplifaya* ndilo neno la mafundi na halina kosa. *Kipaza sauti* liepukwe katika maandishi ya hataza, kwa kuwa wengine hulitumia kwa maikrofoni na wengine kwa spika. *Kikuza sauti* linafaa kwa muziki, ila *kikuza mawimbi* ni pana zaidi, maana si kila kinachokuzwa husikika.

*Mfano:* Kikuza mawimbi chenye mrejesho hasi, ambamo sehemu ya mawimbi yanayotoka hurudishwa kwa kinyume ili ukuzaji usibadilike vipuri vinapochakaa.