Jinsi ya kupiga picha za vyombo vya plastiki vinavyong'aa

Siku hizi biashara ya ndoo, mabeseni, viti na midoli ya plastiki haisubiri siku ya mnada. Mfanyabiashara wa Katoro au Kahama anapiga picha kwa simu, anaituma kwenye kundi la WhatsApp, na mteja aliyeko kijijini anatuma pesa kabla hajaushika mzigo. Doa la mwanga likifunika ufa kwenye picha, mzigo utarudishwa, nauli ya gari itakuwa imepotea, na mteja huyo hatanunua tena. Ndiyo maana tunaeleza hapa namna ya kuupanga mwanga.

Kwa nini plastiki inang'aa

Uso laini wa plastiki hufanya kazi kama kioo. Mwanga ukiugonga, hurudi kwa pembe ileile uliyojia. Lile doa jeupe ni sura ya taa au ya jua lenyewe. Kuongeza taa hakuliondoi. Linaondoka ukibadili mahali unapotoka mwanga, au mahali unaposimama wewe. Taa ndogo hutoa doa dogo kali, lakini mwanga mpana hutoa mng'ao mpole unaoonyesha umbo la chombo.

Wakati na mahali

Shinyanga na Geita ziko karibu na ikweta. Mwezi Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana hupita karibu kabisa na utosi. Usipige picha juani saa 6 mchana. Weka chombo karibu na mlango au dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja. Siku ya mawingu ni nzuri zaidi, kwa sababu wingu huligeuza anga lote kuwa taa moja pana.

Jihadhari na turubai la bluu. Chini yake, beseni jeupe hutoka na ubluu na jekundu hubadilika rangi. Toa bidhaa nje ya turubai, uiweke kwenye kivuli cha ukuta.

Hatua za kufuata

1. Futa vumbi na alama za vidole kwenye chombo, kisha futa lenzi ya simu.
2. Zima flashi. Iko jirani na lenzi, hivyo mwanga wake hurudi moja kwa moja kwenye picha.
3. Kama jua ni kali, tundika shuka jeupe kati ya jua na chombo. Usitumie kanga ya rangi, maana chombo kitachukua rangi hiyo.
4. Upande wenye giza, simamisha karatasi nyeupe irudishe mwanga.
5. Kwa chombo cheupe, weka kaniki nyuma yake ili kingo zionekane.
6. Gusa chombo kwenye kioo cha simu. Kikiwa cheupe kupita kiasi, punguza mwanga kwa alama ya jua inayotokea kwenye simu nyingi.
7. Sogea kulia, kushoto, juu na chini mpaka doa litoke mahali muhimu.

Mwenye miwani ya jua ya polaroidi anaweza kuiweka mbele ya lenzi na kuizungusha taratibu. Ukipiga kwa mshazari, mng'ao wa plastiki hupungua. Ujanja huu hausaidii kwenye sufuria, kwa kuwa mng'ao wa chuma ni wa namna nyingine.

Onyesha ufa na mikwaruzo

Kwa bidhaa iliyotumika, piga picha mbili. Ya kwanza ionyeshe chombo kizima kwenye mwanga mpole. Ya pili ipigwe mwanga ukitoka ubavuni, chini kabisa, kama wa jua la saa 1 asubuhi. Mwanga huo hutia kivuli ndani ya kila mkwaruzo, ukaonekana wazi.

Kabla ya kutuma, kuza picha na uikague kama mteja atakavyoikagua. Kama kuna ufa, andika chini ya picha uko wapi na una urefu gani, kisha ndipo utaje bei.