Fahamu mamlaka ya Patriaki na mipaka yake

PATRIAKI ndiye askofu wa cheo cha juu kabisa katika makanisa mengi ya Mashariki, lakini madaraka yake hayafanani na ya Papa wa Roma. Hayavuki mipaka ya eneo lake, na uamuzi mzito huutoa pamoja na Sinodi, yaani baraza la maaskofu.

Asili ya neno hilo ni Kigiriki, na maana yake ni baba mkuu wa ukoo. Kufikia Mtaguso wa Kalsedonia, mwaka 451, miji mitano ilikuwa na hadhi hiyo: Roma, Konstantinopoli, Aleksandria, Antiokia na Yerusalemu.

Mtaguso huo ndio ulioligawa Kanisa la Misri. Wakopti, walioukataa, wanaongozwa na Papa Tawadros wa Pili tangu mwaka 2012. Walioukubali wana Patriaki wao, Theodoros wa Pili, aliyechaguliwa Oktoba 2004 baada ya mtangulizi wake, Petros wa Saba, kufariki dunia katika ajali ya helikopta mwezi uliotangulia.

Theodoros huitwa Papa na Patriaki wa Aleksandria na Afrika Yote. Waorthodoksi wa Kenya na Uganda, ambao walianza kama makanisa ya Waafrika yasiyotawaliwa na wamisionari, walipokewa rasmi na Aleksandria mwaka 1946.

Patriaki na Sinodi yake huchagua maaskofu, huunda majimbo na kuwahukumu maaskofu wanaokosa. Mapatriaki hutajana majina katika ibada. Anayeacha kumtaja mwenzake hutangaza kuvunjika kwa ushirika.

Wakatoliki wa Mashariki, kama Wamaroni wa Lebanon, nao wana mapatriaki, lakini hao wako chini ya Papa. Kwa askofu wa Venice, jina hilo ni la heshima tu.

Kwa Waorthodoksi, Patriaki wa Konstantinopoli, Bartholomew wa Kwanza, ni wa kwanza miongoni mwa walio sawa. Hana uwezo wa kuwaamuru wenzake.

Udhaifu wa utaratibu huo ulijitokeza Novemba 2019, Theodoros alipolitambua Kanisa jipya la Kiorthodoksi la Ukraine. Patriaki Kirill wa Moscow aliacha kumtaja ibadani, na Desemba 2021 Sinodi ya Moscow ikaanzisha jimbo lake barani Afrika, ikipokea mapadri 102 kutoka nchi nane.

Aleksandria iliuita uamuzi huo uvamizi, na Novemba 2022 ikatangaza kumvua uaskofu Leonid, aliyekuwa kiongozi wa jimbo hilo wakati huo. Moscow haikujali, naye akaendelea na kazi.

Matokeo yake, Waorthodoksi wa bara hili wana mapatriaki wawili wanaodai utii wao, na hakuna mahakama iliyo juu ya wote wawili. Chombo pekee ambacho kingeweza kuamua ni mtaguso wa makanisa yote ya Kiorthodoksi. Ule ulioitishwa Krete mwaka 2016 ulihudhuriwa na makanisa 10 kati ya 14, Moscow haikwenda.