Kutokosa na Kuchemsha: Historia Fupi ya Chungu cha Umeme na Istilahi za Maharage

Kazi ya kuunda istilahi nchini ilianza, kama ilivyotazamiwa, na mambo makubwa. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria ya Bunge ya mwaka 1967, na vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kutolewa katika miaka ya 1970, haja iliyokuwa mlangoni ilikuwa ya ofisi, mahakama na darasa. Jiko halikudai kitu. Hapana shaka sababu yake ni kwamba jikoni Kiswahili kilikuwa tajiri tangu zamani: kilikuwa na kuteleka na kuipua, kuunga na kupalia, kutokosa na kukaanga, na kila kitenzi kilijua mahali pake.

Lakini utajiri usiotunzwa hupungua. Siku hizi vyombo vya umeme vinaingia majumbani vikiwa na vijikaratasi vya maelezo, na maelezo hayo hutafsiriwa kwa haraka, mara nyingi kwa kitenzi kimoja tu, yaani kupika. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza chombo kimoja, kile kinachopika supu ya maharage makavu polepole kwa saa nyingi, na kuonyesha kwamba uchaguzi wa kitenzi katika maelezo yake si suala la ufasaha peke yake. Ni suala la afya ya mlaji.

Mpiko wa taratibu kabla ya umeme

Kupika polepole si uvumbuzi wa kiwanda. Makande, yaani mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja, huhitaji saa nyingi mekoni. Hali kadhalika githeri ya Kenya na bokoboko la pwani. Mpishi huanza kwa moto mkali, na chungu kikishatokota vya kutosha huondoa kuni na kubakiza makaa. Akitaka joto litoke juu pia, hupalia makaa juu ya kifuniko. Moto mdogo ni hatua ya pili. Hatua ya kwanza daima ni moto mkubwa.

Ulaya nako ziko njia za namna hiyo. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1867 kilionyeshwa chombo cha Johan Sørensen kutoka Norwei. Kilikuwa sanduku lililozungushiwa ndani kitu cha kuzuia joto lisitoke. Sufuria ilichemshwa kwanza jikoni, kisha ikaingizwa sandukuni na kufungiwa, na chakula kikaendelea kuiva bila moto. Wakati wa vita kuu mbili za dunia, watu wa Uingereza walihimizwa kutumia masanduku yaliyojazwa nyasi kavu ili kuokoa makaa na gesi. Hapa pia sanduku halikuanzisha joto bali lilihifadhi joto lililokwisha patikana.

Mfano wa tatu ndio uliozaa chombo tunachokizungumzia. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki walikuwa, na wangali, na chakula kiitwacho cholent, ambacho kwa kawaida huwa cha maharage, shayiri, viazi na nyama. Kwa kuwa sheria ya dini yao inakataza kuwasha moto siku ya Sabato, chungu kilipelekwa katika tanuri la mwoka mikate siku ya Ijumaa kabla ya jua kutua, kikakaa humo katika joto lililobaki mpaka Jumamosi mchana. Sheria hiyo hiyo ilitaka chakula kiwe kimekwisha kupikwa kwa kiasi kabla ya Sabato kuingia. Kwa hiyo hata hapo chungu hakikuanza kikiwa baridi.

Kutoka Vilnius hadi Chicago

Irving Nachumsohn, ambaye baadaye alijulikana kama Irving Naxon, alikuwa mhandisi na mvumbuzi aliyefanya kazi zake Chicago. Mama yake alimsimulia jinsi mamake mwenyewe alivyokuwa akipika cholent katika mji wa Vilnius, na jinsi chungu kilivyokwenda kulala katika tanuri la mwoka mikate. Naxon alifikiri namna ya kupata joto kama lile bila tanuri. Alitengeneza chungu kilichozungukwa na waya wa kupasha joto, ndani ya ganda la nje, na akapewa hataza yake Marekani mwezi Januari, mwaka 1940.

Chombo hicho kiliuzwa kwa jina la Naxon Beanery, jina linalotokana na maharage, na kwa miaka mingi hakikupata umaarufu mkubwa. Mwaka 1970 hivi kampuni ya Rival ya Kansas City iliinunua biashara ya Naxon. Wataalamu wake walikitazama upya kile chungu cha maharage, wakakiboresha, na mwaka 1971 kikatolewa sokoni kwa jina la Crock-Pot. Kilipendwa upesi, hasa kwa kuwa katika miaka hiyo wanawake wengi wa Marekani walikuwa wakifanya kazi nje ya nyumbani, na chakula kilichotiwa asubuhi kiliwakuta kimeiva jioni.

Historia hii ina mafunzo mawili kwa mfasiri. La kwanza ni kwamba Crock-Pot ni alama ya biashara ya kampuni moja, wala si jina la jamii ya vyombo. Kuitohoa na kuifanya istilahi ni kuitangazia kampuni hiyo bila malipo. La pili ni zito zaidi. Katika safari ya kutoka tanurini hadi kwenye waya wa umeme, hatua moja ilidondoka njiani. Chungu cha mekoni, sanduku la nyasi na cholent vyote vilianza na moto mkali. Chungu cha umeme kilikuwa cha kwanza kumwalika mpishi atie chakula kibichi na maji baridi, abonyeze kitufe, aende zake.

Madhara ya hatua iliyodondoka

Maharage mabichi yana protini ya jamii ya lektini iitwayo fitohemaglutini. Kiasi chake ni kikubwa zaidi katika maharage mekundu. Mtu akila hata mbegu nne au tano ambazo hazikuiva ipasavyo, huweza kupatwa na kichefuchefu na kutapika sana katika saa moja hadi tatu, kisha kuharisha. Kwa kawaida hupona upesi, lakini wako waliolazimika kulazwa hospitali. Nchini Uingereza wataalamu walichunguza matukio 50 yaliyoshukiwa kuwa ya aina hii kati ya mwaka 1976 na 1989.

Moto mkali huiharibu sumu hiyo; joto dogo haliiharibu. Uchunguzi umeonyesha kwamba maharage yaliyopashwa hadi nyuzi 80 za Sentigredi tu huweza kuwa na sumu mara tano ya yale mabichi. Tena vyakula vilivyopikwa katika vyungu vya umeme vilipopimwa, mara nyingi joto la ndani halikuzidi nyuzi 75. Ndiyo maana Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inashauri maharage yalowekwe kwa saa 5 au zaidi, maji yake yamwagwe, kisha yachemshwe katika maji mapya kwa dakika 30.

Bibi aliyetumia mafiga hakulijua neno lektini, wala hakulihitaji. Kitenzi chake kilimtosha. Alipoambiwa atokose maharage, alijua kwamba maji lazima yapande na kushuka kwa nguvu, povu litoke, na kuni zisipunguzwe upesi.

Vitenzi na majina

Kamusi zetu, tangu ile ya Johnson ya mwaka 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zinalo neno kutokosa, na watu bado husema mihogo ya kutokosa na mahindi ya kutokosa. Maana yake ni kupika kitu kwa maji yanayotokota, bila kukiunga. Kitenzi kuchemsha ni kipana zaidi. Anayechemsha chai huiondoa mara ichemkapo. Anayechemsha maharage hupaswa kuendelea. Kwa hiyo agizo lisemalo “chemsha maharage” halisemi kama msomaji aishie pale maji yanapochemka au aanzie hapo. Tofauti ya dakika 30 imefichwa katika silabi tatu.

Majina nayo yana matatizo yake. Kwanza, tumewahi kuona tafsiri zinazosema “maharage ya figo”, kwa kufuata Kiingereza kinachoyaita hivyo kwa sababu ya umbo. Sokoni hakuna bidhaa yenye jina hilo. Yako maharage mekundu, na mnunuzi anayajua. Pili, wako wanaotumia kunde mahali pa maharage. Kunde ni zao la asili ya Afrika, na jina lake lina ndugu katika lugha nyingi za Kibantu. Maharage yalitoka bara la Amerika na kuletwa huku baada ya Wareno kuanza safari zao. Ni mimea miwili tofauti, na onyo linalohusu maharage mekundu likiandikwa kwa jina la kunde litakuwa limempotosha msomaji. Tatu, dengu sokoni Tanzania si ndengu ya Kenya, ambayo huku huitwa choroko. Anayetafsiri kwa ajili ya nchi zote mbili hana budi kueleza, au kuweka picha.

Kuhusu jina la jumla, wataalamu wa kilimo wamekwisha kutuongoza kwa kusema mazao ya jamii ya kunde, au kwa ufupi mikunde. Jina hilo linafaa, mradi lisitumike pale ambapo zao moja tu ndilo linalokusudiwa.

Mapendekezo

Chombo chenyewe tunapendekeza kiitwe chungu cha umeme, kwa kufuata njia ya pasi ya umeme, birika la umeme na jiko la umeme. Jina “mpishi wa polepole” halifai, kwa kuwa mpishi ni mtu. “Jiko la polepole” halitoshi, kwa kuwa jiko ni mahali pa moto, na hiki ni chombo kinachobeba chakula chenyewe. Wako watakaovutiwa na umbo la kitokoseo, lakini hilo lingekuwa kosa kubwa kuliko yote, maana lingekipa chombo sifa ya kazi ambayo hakiwezi kutegemewa kuifanya.

Kutokosa kubaki na maana yake ya kupika katika maji yanayotokota muda wote. Kupika kwa joto dogo kutumike pale ambapo maji hayatokoti. Tusiseme moto mdogo, kwa kuwa katika chungu hiki hakuna moto. Kuchemsha kukitumika, kufuatane na muda, na muda uhesabiwe tangu maji yachemkapo.

Kwa mfano, maelezo ya supu rahisi yangeweza kuandikwa hivi:

Chambua vikombe viwili vya maharage mekundu, yaoshe, kisha yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo. Teleka sufuria jikoni, tia maharage na maji mapya. Maji yakishaanza kutokota, hesabu dakika 30, yakiendelea kutokota muda wote. Ipua, chuja, mimina maharage katika chungu cha umeme. Ongeza vikombe sita vya maji ya moto, kitunguu, karoti na nyanya zilizokatwa. Funika, pika kwa joto dogo kwa saa 6 hadi 8. Tia chumvi karibu na mwisho.

Maelezo haya hayana neno hata moja jipya isipokuwa jina la chombo. Walimu wa sayansi kimu, maafisa wa lishe na wafasiri wanaoletewa vijikaratasi vya viwanda wanaombwa kuyajaribu, na kutuletea vitenzi vya mpiko vinavyotumika mahali pao ambavyo kamusi bado hazijaviingiza. Kitenzi cha jikoni kikisahauliwa, pamoja nacho husahauliwa sababu iliyowafanya wazee wetu wakitumie. Na sababu hiyo, kama tulivyoona katika maharage, huenda ikawa ndiyo kinga ya mlaji.