Kuni, Reli na Ahadi za Kaboni: Ainabkoi Katika Historia ya Biashara

Historia ya biashara ya Ainabkoi, eneo la nyanda za juu kusini-mashariki mwa Eldoret, haitenganiki na reli iliyopanda kutoka Nakuru kupitia Timboroa na kufika Eldoret mwaka 1924, kwa kuwa injini za mvuke za enzi hiyo zilichoma kuni nyingi, na misitu ya jirani ikahesabiwa kuwa akiba ya nishati na mbao. Katika mfumo wa shamba, yaani utaratibu uliowaruhusu wakulima kulima mazao kati ya miche ya miti ya serikali kwa sharti la kuitunza, sehemu za misitu ya asili ya Kenya ziligeuzwa kuwa mashamba ya miti ya kigeni.

Karne moja baadaye, hesabu imebadilika: sasa kinachohesabiwa si kuni tena bali kaboni. Majid Al Futtaim, kampuni ya Dubai inayoendesha maduka ya Carrefour nchini Kenya tangu 2016, ilitangaza mwaka 2017 kwamba ifikapo 2040 itapunguza kaboni, yaani gesi ya kaboni dioksidi na nyingine zinazoongeza joto la dunia, kupita kiasi inachozalisha. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kaboni ya muuzaji wa vyakula hutoka nje ya duka, kwenye mashamba, ng'ombe wa maziwa na malori, kwa hiyo ahadi ya namna hiyo inaweza kuwagusa wazalishaji wa maziwa na viazi wa nyanda kama hizi. Haki inadai kwamba gharama ya kuitimiza isibebwe na mkulima, ambaye misitu ya eneo lake imekwisha kulipia maendeleo ya wengine.