Kifua Kikuu na Wachungaji wa Liboi

Mwaka mmoja, nilipokuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wangu, nilikuta sentensi iliyonifanya niweke kalamu chini. Kijana alikuwa ameandika kwamba kifua kikuu ni maradhi ya Wasomali, kwa kuwa mapafu yao ni dhaifu tangu kuzaliwa. Hakuandika kwa chuki. Aliyasikia hayo kwa wakubwa. Lakini darasani mle mle alikuwamo mwenzake, mtoto wa wachungaji wa Liboi, aliyekuwa akimeza dawa za maradhi hayo, na tangu habari hiyo ijulikane alikuwa akikaa peke yake kwenye dawati la nyuma. Nilimpa mwandishi alama zake za lugha. Kwa habari ya jambo lenyewe niliahidi kumjibu, na jibu langu ndilo hili, ingawa hapa nimelirefusha kidogo.

Liboi ni mji mdogo wa Garissa, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia. Haukuwa mpakani siku zote. Hadi mwaka wa 1925 nchi yote mpaka Mto Juba ilikuwa chini ya Waingereza pamoja na Kenya. Mwaka huo Uingereza iliikabidhi Italia sehemu ya Juba, na mstari ukapigwa katikati ya malisho. Ngamia hawakuarifiwa. Wachungaji waliendelea kuifuata mvua ng'ambo hii na ng'ambo ile, kama baba zao walivyofanya.

Hata kabla ya mstari huo, sheria ya mwaka wa 1902 iliwapa watawala uwezo wa kuzifunga wilaya za mbali, na sheria nyingine ya mwaka wa 1934 ikaongeza ukali. Mtu hakuweza kuingia wala kutoka kaskazini bila ya kibali. Reli, shule na hospitali zilijengwa kwingine. Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, hali ya hatari ilitangazwa katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki kabla mwezi wa Desemba haujaisha. Vikafuata vita vya shifta hadi mwaka wa 1967, na sheria za hatari hazikuondolewa mpaka mwaka wa 1991. Msomaji na ahesabu mwenyewe ni miaka mingapi nchi hii ilitazamwa kama ngome ya kulindwa, si kama makao ya watu wanaougua na kutaka dawa.

Sasa tuyatazame maradhi yenyewe. Robert Koch, daktari wa Kijerumani, alitangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882 kwamba kifua kikuu huletwa na kijidudu. Kijidudu hicho husafiri hewani mgonjwa anapokohoa, na hakiulizi kabila la mtu. Pamoja na hayo, madaktari wengi wa Kizungu wa zama za ukoloni walishika kwamba Mwafrika huangamizwa upesi na kifua kikuu kwa sababu ya asili yake. Walisahau kwamba maradhi hayo yaliwaua wazee wao wenyewe kwa maelfu huko Ulaya, na kwamba yalianza kupungua kule kabla ya dawa kupatikana, watu walipopata nyumba na chakula bora.

Dhana hii ya mapafu yanayotofautiana kwa rangi haikuwa ya Afrika peke yake. Mwaka wa 1846 John Hutchinson wa London alieleza chombo chake cha kupimia pumzi. Miaka michache baadaye Samuel Cartwright, daktari wa Marekani aliyeutetea utumwa, alikitumia kudai kwamba mapafu ya mtu mweusi yana upungufu, na kwamba kazi za shambani zinamfaa kwa afya yake! Dai hilo lilipaswa kufa pamoja na utumwa. Halikufa. Vipimo vya pumzi viliendelea kumkadiria mtu mweusi pumzi chache kuliko mweupe, hata mgonjwa ambaye mapafu yake yameharibika aliweza kuambiwa kwamba yu mzima kwa kadiri ya rangi yake. Ni mwaka wa 2023 tu ndipo chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilipotoa shauri kwamba makadirio ya namna hiyo yaachwe.

Basi, kama si asili, kwa nini mchungaji wa Liboi alikufa mahali ambapo mtu wa Nairobi alipona? Katika miaka ya 1950 na 1960 dawa zilikuwapo, lakini zilitakiwa kunywewa muda wa mwaka mmoja na nusu, pengine zaidi. Mfikirie mtu mwenye ngamia ishirini na watoto sita. Hospitali iko mwendo wa siku nyingi. Baada ya miezi miwili kikohozi kimetulia na nguvu zimerudi. Mvua imenyesha upande wa pili na jamaa zake wanakunja mikeka ya nyumba. Atabaki chini ya mti wa hospitali akingoja mwaka uishe? Huondoka, na vijidudu vilivyosalia humrudia vikiwa vimezizoea dawa. Kitabuni aliandikwa mtoro.

Ukombozi wa kwanza ulitoka hapa hapa kwetu. Kuanzia mwaka wa 1970 madaktari wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza waliwapima wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakaonyesha kwamba dawa zilizochanganywa vema, rifampisini ikiwa mojawapo, zaweza kuponya kwa miezi sita. Ushahidi uliotoka katika vifua vya watu wetu uliwafaa baadaye wagonjwa wa dunia nzima.

Ukombozi wa pili ulikuwa wa Wajir. Annalena Tonelli, mwanamke wa Kiitalia aliyekuja Kenya kufundisha, alianza mwaka wa 1976 kuwapokea wachungaji wagonjwa katika kipande cha jangwa. Hawakulazwa wodini, walikaa katika vibanda kama vya kwao na kumeza dawa kila siku mbele ya mhudumu. Mahali hapo paliitwa manyata. Neno hilo lilikuwa na uchungu, kwani wakati wa vita vya shifta watu walikuwa wamekusanywa kwa nguvu katika manyata za kulindwa, na mifugo mingi ikapotea. Safari hii walikuja kwa hiari, na wengi walikaa hadi kupona. Mfano huo ulifuatwa Garissa na Mandera. Damu ya wagonjwa ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kuwatibu.

Baada ya mauaji ya Wagalla ya Februari 1984 Tonelli, ambaye hakuyanyamazia, alilazimika kuondoka Kenya. Aliendelea na kazi hiyo kwa Wasomali wa ng'ambo, na Oktoba 2003 aliuawa kwa risasi huko Borama, katika uwanja wa hospitali yake ya kifua kikuu.

Nilipofika hapo, niliwaeleza pia wanafunzi kwamba mgonjwa anayemeza dawa zinazomfaa aghalabu huacha kuambukiza baada ya wiki chache. Mtoto wa Liboi alirudi dawati la mbele. Miezi yake sita ilitimia kwa kuwa shangazi yake mkaa mjini alikubali kumweka, wazazi walipovuka mpaka na mifugo wakati wa kiangazi. Mwandishi wa insha aliinua mkono akauliza ingekuwaje kama mwenzake asingekuwa na shangazi.