Shamba la Mbulumbulu na Ibara ya 24

Moja ya kesi kubwa za katiba katika nchi hii ilianzia shambani, kijiji cha Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu. Leo huko ni Karatu, lakini wakati huo ilikuwa Wilaya ya Mbulu, wilaya yetu. Baba na mwanawe walikuwa na ardhi waliyoipata kimila mwaka 1943. Ikaja Operesheni Vijiji, ya kuwahamishia watu vijijini, kipande cha ardhi hiyo kikamegwa, wakagawiwa watu wengine. Wanasheria wanaijua kesi yao kwa jina la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake. Hapa Endagikot, Mbulu, ambako kila siku tunagombana juu ya ardhi, ni wachache mno wanaoijua.

Nimekuwa mjumbe wa Baraza la Kata, mmoja wa wale wanawake ambao sheria inataka wasipungue watatu. Shauri la ardhi huanza kwa mpaka. Mlalamikaji husimama na kuutaja kwa vitu: mkonge, jiwe alilolizika babu, korongo linalopitisha maji ya mvua. Mlalamikiwa naye hutaja vyake. Tukienda shambani wenyewe, mara nyingi tunakuta mkonge umeng'olewa na jiwe limehamishwa, na hapo ndipo wazee wanapoanza kurudi nyuma mwaka baada ya mwaka hadi wanafika kwenye Operesheni Vijiji. Bibi mmoja alituonyesha kwa fimbo yake mahali lilipokuwa zizi la baba yake, sasa pana mahindi ya mtu mwingine. Akasema, "Wanangu, sisi hatukuuza hapa. Tulihamishwa." Hakuwa na karatasi, na aliyekuwa analima pale hakuwa nayo pia. Aligawiwa na kijiji, akalea watoto pale. Wote wawili walisema kweli.

Haki ya bibi yule ilikuwa wapi wakati anahamishwa? Katika katiba haikuwamo. Tulipopata uhuru mwaka 1961, viongozi wetu waliikataa orodha ya haki za raia. Katiba ya Jamhuri ya 1962 ikaziweka haki katika utangulizi tu, mahali ambapo mahakama haiwezi kuzishika na kuzisimamia. Hoja yao ilikuwa kwamba nchi changa ina haraka ya maendeleo na mahakama zingeikwamisha. Naielewa hoja hiyo, lakini siikubali, kwa sababu nimeona nani aliyelipa gharama ya haraka ile. Hati ya haki iliingia katika Katiba kwa mabadiliko ya 1984, na hata hapo serikali ikajipa miaka mitatu ya kujiandaa tangu yalipoanza kutumika. Hadi Machi 1988, raia hakuweza kwenda mahakamani kuidai.

Majirani zetu wa Hanang waliangukia katika kipindi hicho. Katika uwanda wa Basotu, shirika la umma la kilimo, NAFCO, lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada, kwenye malisho ya Wabarabaig. Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 walishtaki. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ikawapa haki, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Hoja ilikuwa ushahidi wa umiliki wa kimila: nani amethibitisha nini, na kijiji chenyewe kilipewa ardhi lini na kwa utaratibu gani. Hapakuwa na ibara ya kushika. Mwaka 1987 serikali ikatoa na tangazo la kufuta haki za kimila katika vijiji ilivyovitaja vya Mkoa wa Arusha, ambao wakati ule ndio uliokuwa mkoa wetu.

Mwaka huohuo wa 1987, Akonaay na mwanawe wakaenda kwa Hakimu Mkazi Arusha. Wakashinda na kurudishiwa shamba. Rufaa ya wapinzani wao ikiwa bado Mahakama Kuu, Bunge likatunga Sheria Namba 22 ya 1992. Sheria hiyo ilizifuta haki za kimila za watu waliokuwa na ardhi kabla ya vijiji, ikakataza fidia, ikazizuia mahakama kusikiliza mashauri ya namna hiyo, ikayaua yaliyokwisha kufunguliwa, na ikapiga marufuku kutekeleza hukumu zilizokwisha kutolewa. Yaani mtu ameshinda mahakamani, naye Bunge linamwambia ushindi wake si kitu.

Wakaipinga sheria hiyo katika Mahakama Kuu, Arusha, mbele ya Jaji Munuo, nayo ikatupwa. Serikali ikakata rufaa. Januari 1995 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiandika hukumu, ikasema kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, na inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Hainyang'anywi bila fidia inayostahili, na fidia haiishii kwenye nyumba na miti. Jasho ulilomwaga kwenye ardhi nalo linahesabiwa. Nyalali alieleza kwamba, kama haki ya kimila si mali, basi wananchi walio wengi ni wavamizi katika nchi yao wenyewe. Kisha mahakama ikavifuta vifungu vilivyofunga milango ya mahakama, kwa kuwa kutoa haki ni kazi ambayo Katiba imeipa Mahakama, na Bunge haliwezi kuichukua. Sehemu hii naithamini kuliko zote. Ibara ya 24 peke yake isingemsaidia Akonaay kama Bunge lingekuwa na uwezo wa kumzuia jaji asiisome.

Nyalali huyohuyo ndiye aliyeongoza tume ya rais ya 1991, iliyopendekeza vyama vingi, ikaorodhesha sheria 40 za kukandamiza watu, na ikataka shirikisho la serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Vyama vingi vikakubaliwa, shirikisho likakataliwa. Tume ya Jaji Warioba ya katiba mpya ikalileta tena mwaka 2013, na mwaka uliofuata Bunge Maalumu likarudi kwenye serikali mbili. Kura ya maoni juu ya katiba hiyo, iliyopangwa Aprili 2015, haikupigwa hadi leo. Mjadala wa serikali tatu unatugusa kuliko tunavyodhani. Ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar ina Katiba yake ya 1984, Baraza lake la Wawakilishi na sheria zake za ardhi, wakati ardhi ya Endagikot inaamuliwa na Bunge la Muungano, wabunge wa Zanzibar wakiwamo. Mimi naona shirikisho lingeliweka hilo sawa. Ila serikali ziwe mbili au tatu, jaji akiogopa, mkulima hana pa kwenda.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliipa haki ya kimila hadhi sawa na hati ya serikali. Sheria hiyohiyo ikauthibitisha ugawaji wa kati ya 1970 na 1977, kwa hiyo bibi yule asingerudishiwa zizi la baba yake. Tangu 2021 Baraza la Kata halihukumu tena shauri la ardhi, linasuluhisha tu. Uamuzi umepelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mwenye nauli ndiye anayefika.

Watu wa Mbulu hawajawahi kuogopa kusema. Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na kile kimoja kilikuwa cha Mbulu, walikomchagua Herman Sarwatt aliyesimama bila kuteuliwa na chama. Tunachokosa leo ni kusoma. Hukumu ya Akonaay iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wa wanaoihitaji hawaijui. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Nawaomba wenyeviti wa vijiji, madiwani na wanasheria waliozaliwa kwetu: iwekeni hukumu hii kwa Kiswahili, nakala moja kila ofisi ya kijiji, na isomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji.