Betri ya trela: Jinsi ya kuichaji gari likiwa safarini

GARI linapoondoka Kitengela likivuta trela yenye jokofu, na kushika Barabara ya Namanga kuelekea Kajiado, dereva aghalabu huamini kwamba betri ya trela inajaa maadamu injini inanguruma. Imani hiyo mara nyingi humponza. Mtu anaweza kusafiri mchana kutwa, akapiga kambi jioni karibu na Mbuga ya Amboseli, na kufikia alfajiri akakuta jokofu limezima na nyama imeanza kunuka.

Hasara huwa kubwa zaidi iwapo jokofu limebeba chanjo za mifugo. Chanjo nyingi huhitaji kuhifadhiwa katika nyuzi joto kati ya 2 na 8 za selsiasi. Zikipata joto huweza kupoteza nguvu bila dalili yoyote ya kuonekana kwa macho, na mfugaji akagundua kosa pale tu ng'ombe aliowachanja wanapoanza kuugua.

Makala haya yanaeleza kwa nini betri ya trela hukosa kujaa, na hatua za kuchukua kabla ya kung'oa nanga.

Umeme unavyosafiri

Trela nyingi hutumia betri ya risasi na asidi, aina iliyovumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takribani volti 12.7. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Ili ijae kabisa, sharti isukumwe kwa volti 14.2 hadi 14.4 kwa muda wa saa kadhaa. Msukumo huo hutoka kwa altaneta, yaani jenereta ndogo ya gari inayozungushwa na mkanda wa injini.

Wakazi wa Kitengela, ambao wengi wao wamezoea kununua maji ya malori na kuyapandisha kwenye matangi ya juu, watalielewa jambo hili kwa wepesi. Volti ni nguvu ya pampu, amperi ni wingi wa maji yanayopita, na waya ni mpira wa kuyapitisha. Mpira ukiwa mrefu na mwembamba, maji hufika juu yakidondoka. Na iwapo watu wa nyumbani wanateka maji hayo papo hapo, tangi halitajaa kamwe.

Waya mwembamba, hasara kubwa

Tuchukulie kwamba kutoka betri ya gari hadi betri ya trela ni mita 7. Kwa kuwa umeme huenda na kurudi, waya wote ni mita 14. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ukipitishwa amperi 20, hupoteza takribani volti 2 njiani. Kwa sababu hiyo, betri haiwezi kuzipata amperi hizo. Mkondo hujipunguza hadi amperi chache, na betri huchajika kwa mwendo wa kobe.

Waya wa milimita 16 za mraba, katika umbali uo huo na kwa amperi zizo hizo, hupoteza takribani thuluthi moja tu ya volti. Tofauti ya bei ya nyaya hizo mbili ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya betri mpya. Nyaya za taa za trela, ambazo mafundi wengine huzitumia kuchajia betri ili kupunguza kazi, hazikukusudiwa shughuli hiyo.

Fauka ya hayo, usitegemee chuma cha kuungia trela kiwe njia ya kurudishia umeme. Grisi, kutu na vumbi huzuia mkondo. Weka waya wa pili ulio mnene sawa na wa kwanza, na utumie plagi imara ya amperi 50 badala ya ile ya taa.

Hesabu ya safari

Jokofu dogo la kompresa hutumia wastani wa amperi 2, kwani kompresa huzima na kuwaka kulingana na joto. Kwa saa 24 litakuwa limekula amperi-saa 48, ambazo ni karibu nusu ya betri ya amperi-saa 100.

Kutoka Kitengela hadi mji wa Kajiado ni takribani kilomita 50, mwendo wa saa moja hivi. Iwapo nyaya zinafikisha amperi 10, betri itapokea amperi-saa 10 pekee, na jokofu litakuwa limechukua mbili kati ya hizo. Hata dereva akiendelea hadi Namanga, bado hatakuwa amerudisha nusu ya umeme uliotumika. Muda unaopotea katika msongamano wa Kitengela nao hausaidii sana, kwa sababu altaneta hutoa umeme kidogo injini inapozunguka polepole.

Ni kweli kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kina tundu. Kwa betri ya trela, chururu si ndo ndo ndo.

Magari ya kisasa

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo mengi yanayofika sasa kutoka Japani yana mitambo ya kuokoa mafuta, na baadhi hupunguza nguvu ya altaneta mara tu betri ya mbele inapojaa. Volti zikishuka hadi 13 au chini, betri ya trela haitajaa hata nyaya ziwe nene kiasi gani.

Dawa yake ni kichaji cha betri kwa betri, kinachofungwa karibu na betri ya trela. Kifaa hiki hupokea volti pungufu, huzipandisha hadi kiwango kinachofaa, na hudhibiti amperi. Kwa betri za lithiamu ni muhimu zaidi, kwa kuwa betri hizo huvuta mkondo mkubwa unaoweza kuichemsha na kuiunguza altaneta.

Usalama kwanza

Betri mbili zisiunganishwe moja kwa moja bila swichi ya kuzitenganisha injini inapozimwa. Bila swichi hiyo, jokofu la trela litainyonya pia betri ya gari, na msafiri ataamka porini na gari lisilowaka. Kichaji cha betri kwa betri chenye uwezo wa kujizima hufanya kazi hiyo.

Fyuzi ziwe mbili, moja karibu na kila betri, kwa kuwa kila moja inaweza kuwasha moto waya ukichunika. Betri ya maji nayo hutoa gesi ya haidrojeni inapochajiwa, gesi inayoweza kulipuka. Kisanduku chake kiwe na tundu la hewa, mbali na mtungi wa gesi ya kupikia.

Jua la Kajiado

Kajiado iko karibu na Ikweta, na jua lake ni neema. Paneli ya sola ya wati 100 juu ya trela, pamoja na kidhibiti chake, inaweza kurudisha takribani amperi-saa 25 hadi 30 katika siku ya jua kali. Kiasi hicho ni zaidi ya nusu ya mahitaji ya jokofu letu. Zaidi ya hayo, paneli huendelea kuchaji hata trela ikiwa imeegeshwa. Usiku kabla ya safari, betri ichajiwe nyumbani hadi ijae, kisha altaneta na jua vibaki na kazi ya kuongezea tu.

Jipimie mwenyewe

Kipima volti ni kifaa cha bei nafuu. Jokofu likiwa limewaka na injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, pima betri ya gari, kisha pima ya trela wakati inachajiwa. Kwa mfumo usio na kichaji cha betri kwa betri, tofauti ikizidi nusu volti, kagua nyaya, plagi na viungo vyote. Ikiwa betri ya gari yenyewe iko chini ya volti 13.5 baada ya mwendo mrefu, tatizo ni altaneta au mtambo wa kuokoa mafuta.

Betri ya risasi inayoachwa mara kwa mara ikiwa chini ya nusu hufanya ukoko wa salfeti kwenye sahani zake, na hufa kabla ya wakati wake. Vipimo hivyo viwili huchukua dakika 5 tu, na ni heri vifanywe uani Kitengela kuliko mbugani, mbali na fundi.